Mchezaji si kapi la muwa

Lugha ya kurasa za michezo katika magazeti yetu ni lugha ya mlo. Klabu inayomtaka mchezaji huandikwa kuwa "inammezea mate". Ikimpata, "imemnasa" au "imemnyakua", mithili ya mwewe na kifaranga. Na siku goti lake linapolegea, au umri unapoanza kumtupa mkono, gazeti lilo hilo hutangaza kwa herufi kubwa kwamba klabu "imemtema". Sidhani kuna mhariri aliyewahi kuketi akakusudia tusi. Lakini sisi ambao lugha ndiyo kazi yetu twajua kwamba sitiari iliyozoeleka hata isionekane tena, aghalabu ndiyo isemayo kweli. Hutemwa kile kilichokwisha utamu. Kapi la muwa hutemwa, na hakuna aulizaye limeangukia wapi.

Katika makala haya nataka tuulize. Mchezaji wa klabu kubwa ya soka akishatemwa huenda wapi, na hufanya nini? Swali hili si la mashabiki peke yao. Ni swali la walimu na wanafunzi, kwa sababu wachezaji hao hawakushuka kutoka mbinguni. Walitoka katika madarasa yetu, na wengi walitoka kabla ya wakati.

Hapa Eldoret swali hili lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo Langas. Mtaa huu ulio kando ya barabara iendayo Kapsabet na Kisumu ulijaa watu waliokuja mjini kutafuta kazi. Vyumba vyake vya kupanga vilikuwa vya bei nafuu, na viwanda havikuwa mbali. Miongoni mwa viwanda hivyo palikuwa na Rivatex, kiwanda cha nguo kilichoanza katika miaka ya 1970, na palikuwa na KCC, kampuni ya maziwa. Vijana wa leo huenda wasisadiki kwamba viwanda hivi viwili vilikuwa na timu zilizotikisa nchi. Rivatex ilitwaa kombe la taifa la mchujo mwaka 1990, ikalitwaa tena mwaka 1995. Eldoret KCC nayo ikalileta kombe hilo hilo mjini humu mwaka 1997. Gor Mahia na AFC Leopards, pamoja na maelfu ya mashabiki wao, walijua kwamba safari ya Eldoret haikuwa ya mzaha.

Mpango wa timu za kampuni ulikuwa rahisi kueleweka. Kijana aliajiriwa kiwandani, na kwa kuwa alijua mpira, alicheza. Asubuhi alikuwa mfanyakazi, na alasiri alikuwa mchezaji. Si Rivatex na KCC tu zilizofuata mpango huu. Kampuni ya bia, benki, shirika la umeme, bandari, posta, viwanda vya sukari, wote walikuwa na timu. Mshahara haukuwa wa kutajirisha mtu, lakini ulikuwa na jambo moja ambalo soka ya leo imelisahau: haukuwa mshahara wa miguu peke yake. Mchezaji aliyevunjika mguu Jumapili alibaki kuwa mfanyakazi Jumatatu. Akitundika njumu zake alikuwa tayari ana kazi ya pili mkononi, bali hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Sisemi kwamba mpango huo ulikuwa pepo. Kulikuwa na wachezaji walioajiriwa kwa jina tu, wakawa hawajui hata mashine za kiwanda chao zilivyofanana. Kulikuwa na mameneja waliowathamini wakiwa wanafunga mabao na kuwasahau walipokoma kufunga. Kubwa zaidi, mpango wenyewe ulitegemea uhai wa kiwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Rivatex ilifilisika na mitambo ikanyamaza. KCC iliuzwa mwaka 2000, kabla ya serikali kuifufua mwaka 2003 kwa jina jipya. Timu zilikwenda na maji pamoja na viwanda. Wachezaji waliokuwa na miguu miwili ya kusimamia, kazi na mpira, walijikuta wameikosa yote miwili kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo ninapoona fundisho la kwanza. Waheshimiwa wengi hupenda kusema kwamba mchezaji wa zamani huangamia kwa sababu ya pombe, anasa na ujinga wa kutumia fedha. Katika Langas nimekutana na wanaume waliocheza enzi zile. Yuko anayetengeneza pikipiki, yuko anayeshona, yuko anayeuza mitumba, na yuko anayewanoa watoto kila jioni katika kiwanja cha vumbi bila malipo. Jambo linalonigusa ni hili: aliyekuwa amejifunza ufundi halisi kiwandani, awe fundi umeme, mshonaji au mtunza mitambo, aliweza kuuhamisha ufundi huo hadi kwenye kibanda chake. Aliyekuwa mfanyakazi wa jina tu hakuwa na cha kuhamisha. Wote wawili walipigwa na dhoruba moja, lakini mmoja alikuwa na ubao wa kushikilia. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Naam, lakini methali hiyo yamhusu mtu aliyekwisha kujifunza uhunzi. Mchezaji asiyefundishwa lolote ila kupiga mpira, koleo lake ni mguu wake, na koleo hilo halina la badala.

Tuzigeukie sasa klabu kubwa zenyewe. AFC Leopards ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya. Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968. Tofauti na Rivatex, hizi hazikuwa timu za kiwanda. Zilikuwa, na zingali, klabu za wanachama na mashabiki, zikitegemea viingilio, wahisani na wafadhili. Ukubwa wake haupimwi kwa mali, bali kwa mapenzi ya watu. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitoka sare ya mabao 2-2 na Espérance mjini Tunis, ikatoka sare nyingine ya 1-1 jijini Nairobi, ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la Afrika tangu siku hiyo. Nchi nzima iliimba. Lakini wimbo si akiba, na klabu isiyo na kiwanda haikuwa na kazi ya kumpa mchezaji aliyechoka.

Ndiyo sababu maisha ya nyota wa klabu hizi baada ya soka yamekuwa kama bahati nasibu. Chukua Joe Kadenge. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilifanya jina lake kuwa msemo wa taifa, "Kadenge na mpira", na hata watoto waliozaliwa miaka mingi baada yake waliutumia walipokimbiza mpira wa matambara. Mtu huyo, aliyeichezea Abaluhya na timu ya taifa, aliishi miaka mingi baada ya hapo akiendesha teksi jijini Nairobi. Alifariki Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 84. Nisieleweke vibaya. Kuendesha teksi ni kazi ya halali na ya heshima, na mzee yule aliifanya bila kuona haya. Aibu si ya dereva. Aibu ni kwamba miongo mizima ya burudani aliyowapa mamilioni ya watu haikumwachia haki yoyote iliyoandikwa mahali popote. Alipougua, matumaini yake yalikuwa huruma ya wakubwa. Tena huruma, kama mvua ya jangwani, haina ratiba.

Mfano wa pili ni James Siang'a, mlinda lango wa Gor Mahia na wa timu ya taifa iliyoshiriki fainali za Afrika za mwaka 1972. Huyu aligeuka kuwa kocha, na si kocha wa vivi hivi. Mwaka 2003 alikuwa na Simba ya Dar es Salaam ilipowatoa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti. Bobby Ogolla, beki wa kikosi cha 1987, naye alirejea Gor Mahia akaketi katika benchi la ufundi. Hawa ndio tunaowataja tukitaka kujipa moyo kwamba mchezaji hapotei. Lakini tufanye hesabu ya darasa la nne. Ligi Kuu yetu ina klabu 18. Tukikadiria kwamba kila klabu ina wachezaji 25 na makocha watatu, tuna wachezaji 450 na nafasi 54 za ukocha. Isitoshe, kocha hudumu kazini hata miaka 30, ilhali mchezaji mara nyingi hamalizi hata 10. Ukocha basi ni mlango mwembamba mno kupitisha kizazi kizima.

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda zaidi. Katika miaka ya 1980 mashabiki wa AFC Leopards walikuwa na mshambuliaji aliyeitwa Joe Masiga. Alisomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na huku akisoma alicheza soka na raga, yote mawili kwa kiwango cha juu. Alipoacha kufunga mabao, aliendelea kutibu meno. Jirani zetu Tanzania wanaye Leodegar Tenga, aliyeichezea Pan African na kuwa nahodha wa Taifa Stars katika fainali za Afrika za 1980 nchini Nigeria. Alikuwa mhandisi, na kuanzia 2004 hadi 2013 aliliongoza shirikisho la soka la nchi yake. Mbali kidogo, Sócrates, nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia la 1982, alikuwa daktari aliyehitimu. Hao watatu wanalivunja dai linalorudiwa na makocha wengi na, nasikitika kusema, na baadhi ya walimu: kwamba mwenye kipaji cha miguu hana nafasi ya kukitumia kichwa.

Najua nitajibiwa kwamba zama zimebadilika. Soka sasa ni ajira, wachezaji wana mikataba, na mwenye bahati huenda Ulaya akarudi na fedha za kujenga maghorofa. Jibu langu ni mwaka 2019. Mwezi Agosti mwaka huo kampuni ya kamari ya SportPesa iliondoa udhamini wake kwa Gor Mahia, AFC Leopards na ligi nzima, kufuatia mzozo wake na serikali kuhusu leseni na kodi. Klabu ambayo mwaka mmoja tu nyuma ilikuwa imecheza na Everton ugenini kwao Uingereza ikawa haiwezi kuwalipa wachezaji wake kwa wakati. Kiwanda kilipofungwa Langas, angalau kilifungwa baada ya kuajiri watu kwa miaka mingi. Mdhamini wa kisasa huondoka kwa barua moja. Tumeukata mguu mmoja wa mchezaji, ule wa kazi, kisha tunashangaa anapoanguka upepo ukivuma.

Wengine watanielekeza kwa wanariadha. Eldoret ni jiji lililojengwa kwa kiasi kikubwa na miguu ya wakimbiaji, na Kipchoge Keino alitumia jina na jasho lake kulea mayatima na kuanzisha shule. Kwa nini mwanasoka naye asiwekeze? Ulinganisho huu haukai sawa. Mkimbiaji hodari hulipwa zawadi kwa fedha za kigeni, na wengi wamekuwa wakiajiriwa jeshini, polisi au magereza, wakawa na mshahara na pensheni huku wakikimbia. Kwa maneno mengine, riadha yetu imeuhifadhi ule mpango wa zamani wa Rivatex ambao soka yetu imeutupa. Hata katika soka, timu za vikosi, kama vile Ulinzi Stars iliyoundwa 1995, zimeendelea kuwapa wachezaji wao ajira inayodumu baada ya filimbi ya mwisho. Kinachowaokoa watu hao si hekima ya kuzaliwa nayo. Ni utaratibu.

Utaratibu huo waweza kurejeshwa bila kusubiri viwanda vipya, na sheria tunazo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Sheria ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2013 inamtaka mwajiri na mwajiriwa kila mmoja achangie asilimia sita ya mshahara unaohesabiwa. Je, mchezaji si mwajiriwa? Huambiwa saa ya kufika, saa ya kuondoka, mahali pa kulala na chakula cha kula, na hutozwa faini akichelewa. Ikiwa huyo si mwajiriwa, basi sijui maana ya neno hilo, na kamusi nimezifunua. Shirikisho la soka linalokagua viwanja na leseni za makocha kabla ya msimu kuanza laweza pia kukagua michango ya uzeeni. Klabu isiyowachangia wachezaji wake isiruhusiwe kusajili wengine.

Pili, kila mkataba wa mchezaji aliye chini ya umri wa miaka 23 uwe na kifungu cha masomo au ufundi. Mazoezi ya klabu nyingi huisha kabla ya adhuhuri. Saa za alasiri zatosha kabisa kwa darasa la chuo cha ufundi. Eldoret ina vyuo vikuu viwili vya umma jirani, ina chuo cha kitaifa cha ufundi, na Chuo Kikuu cha Moi ndicho kilichokinunua kiwanda cha Rivatex mwaka 2007. Mji wenye hazina kama hiyo haupaswi kushindwa kuwa na timu ambayo kila mchezaji wake anajifunza kitu. Chama cha wanasoka wa kulipwa cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1907, husaidia kugharimia masomo ya wanachama wake wa sasa na wa zamani. Chama chetu cha ustawi wa wanasoka kingefanya vyema kulidai jambo hilo kwa sauti ile ile kinayodaia mishahara.

Sasa niseme na walimu wenzangu, kwa sababu chanzo kimo mikononi mwetu. Tunayajua yanayotendeka. Mvulana anayejua mpira hupewa karo ya bure, na hilo ni jema. Kisha muhula wa mashindano unapofika hatakiwi darasani. Insha zake hazisahihishwi kwa sababu hakuziandika. Akifeli husemwa kwamba "huyo ni wa mpira", kana kwamba mpira ni aina ya ulemavu wa akili. Kombe hukaa katika ofisi ya mwalimu mkuu, na kijana huenda Nairobi kujaribiwa na klabu kubwa akiwa hana cheti wala ufundi. Hapo ndipo anapoanza kutafunwa. Klabu itakapomtema miaka saba baadaye, itakuwa inaimaliza kazi ambayo shule ndiyo iliyoianza.

Mtaala wa umilisi umetupa nafasi ya kulirekebisha hili, kwa kuweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Spoti katika sekondari ya juu. Lakini nafasi hiyo yaweza kupotea. Mkondo huo ukigeuzwa jalala la wanafunzi walioshindwa na masomo mengine, tutakuwa tumeupa ule mzaha wa "huyo ni wa mpira" muhuri wa serikali. Ukifundishwa ipasavyo, utatoa watabibu wa viungo, waamuzi, watangazaji, wasimamizi wa viwanja, walimu wa michezo, mawakala wanaojua kuusoma mkataba, na wachezaji watakaojua kuuliza kabla ya kutia sahihi. Katika uchumi wa soka kazi ni nyingi kuliko nafasi 11 za uwanjani, na nyingi kati ya hizo zataka mtu anayeujua mchezo kutoka ndani.

Na wewe mwanafunzi wa Langas unayeyasoma haya huku mpira ukiwa chini ya dawati, sikukatazi kuota jezi ya kijani wala ya buluu na nyeupe. Ota. Lakini siku yule mwakilishi wa klabu atakapokuja na karatasi, muulize maswali matatu kabla ya kuuliza mshahara. Nikivunjika mguu, nani atanitibu na nani atanilipa? Nitasoma nini wakati nikiwa kwenu? Nikiondoka, nitaondoka na nini mkononi? Akikosa jibu, mpe mwalimu au mzazi wako karatasi hiyo aisome. Ngoma ivumayo haidumu, na hakuna ngoma ivumayo kama jina la mchezaji wa Gor au Leopards siku ya Jumapili. Jumatatu huja vilevile, na huja mapema kuliko tunavyodhani.